Nambari Isiyomnyima Mgeni

Dawa ya kuogeshea mbuzi ina harufu isiyotoka mkononi kwa sabuni. Unanawa, unapaka mafuta, unakula kwa kijiko ili usiinuse, na bado ukijikuna pua unaikuta imekusubiri. Mwezi uliopita niliingia duka la dawa za mifugo hapa Kitengela kununua chakula cha kuku tu. Muuzaji alikuwa anaimimina dawa hiyo kutoka mtungi mkubwa kuingia chupa ndogo, nami nikasimama mlangoni nimesahau nilichofuata. Kijana huyo akaniuliza, "Mathe, utachukua nini?" Nikamwambia angoje kidogo. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka kumi, nimesimama juu ya kreti ya soda nyuma ya kaunta ya baba yangu, na nilikuwa nimeua mbuzi.

Ndivyo nilivyoamini, kwa muda mrefu kuliko anavyopaswa mtoto kuamini jambo zito kama hilo.

Ninyi wa rika langu mnaoijua Noonkopir ya wakati ule, hapa hapa Kitengela, mtakumbuka kwamba mji uliisha ghafla. Kulikuwa na maduka, kisha nyumba za mabati, kisha ua wa waya wa jirani wa mwisho, halafu mbuga tupu, nyeupe wakati wa kiangazi, nyeusi na ya kunata mvua ikinyesha. Duka la baba lilikuwa kwenye ukingo huo. Alikuwa ametoka Murang'a akijua kahawa tu, akajifunza mbuzi na ng'ombe kwa kusoma maandishi madogo kwenye chupa. Kila chupa ilisema kitu kimoja: kipimo hiki kwa mnyama mmoja. Kwa hiyo baba aliamini kwamba ukijua idadi ya wanyama, nusu ya ugonjwa umeshaitibu.

Ng'ambo ya ua wa waya aliishi Koko Simaloi. Koko ni bibi kwa Kimaasai, na watoto wote wa pale tulimwita hivyo, hata sisi ambao bibi zetu walikuwa Murang'a na Machakos. Ukikutana naye uliinamisha kichwa na kumsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya, Koko," naye akakugusa utosini kwa kiganja kikavu na kujibu, "Iko." Mkono wake ulinukia moshi na maziwa. Mimi nilikuwa nikizunguka njia ndefu kutoka shuleni ili tu niguswe.

Siku moja Koko alikuja dukani. Mimi nilikuwa juu ya kreti yangu, nikipanga vidonge.

"Mbuzi yangu inakohoa," alimwambia baba, kisha akakohoa kama mbuzi, kikohozi kikavu cha shingo iliyonyooshwa, mpaka nikacheka.

"Pole, Mama Naisula," baba akamwambia, akimwita kwa jina la binti yake. "Ziko ngapi?"

"Ziko."

"Najua ziko. Ngapi?"

"Zote."

Baba akaishika chupa akamwonyesha maandishi. "Mama, hii dawa inapimwa. Nikikupa kidogo haitafanya kazi, nikikupa nyingi itawachoma tumbo. Nitajie namba tu, hata ya kukisia."

"Wewe watoto yako uliwahi kuhesabia mtu?" Koko akamwuliza. "Mbuzi yangu mimi najua kwa uso. Moja ikikosa jioni najua ni nani, na mama yake ni nani. Hiyo namba itaniongezea nini?"

Akaondoka na chupa moja ambayo baba alimpimia kwa kukisia, na baba akabaki anapiga kaunta kwa kidole. Kisha akanigeukia. Baba aliniita Mami, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mami, wewe si unapenda kuhesabu?"

Nilipenda, jamani. Nilihesabu mikunjo ya mabati ya paa, malori ya kokoto, mbegu za papai. Kuhesabu kulikuwa kwangu kama kunyonya pipi.

"Basi kesho asubuhi nenda usimame karibu na lango la Koko, mbuzi zikitoka kwenda malishoni. Hesabu kimya kimya, uje uniambie mimi peke yangu."

Nilikwenda. Jua lilikuwa limechomoza na vumbi limeanza kupaa. Koko aliondoa tawi la mwiba lililoziba pengo la boma, na mbuzi wakatoka kwa kusukumana, wawili, watatu, mmoja akiruka juu ya mgongo wa mwingine. Si kazi rahisi kuhesabu kitu kinachoruka. Nilikuwa na kokoto kumi mfuko wa kushoto, na kila nilipofika kumi nilihamisha moja kwenda wa kulia. Mbuzi wa mwisho alipopita, nilikuwa na jibu kamili, na lilinijaa kifuani kiasi kwamba sikuweza kulibeba mpaka dukani. Nilimkimbilia Koko, nikainamisha kichwa niguswe, na hapo hapo, nikiwa bado nimeinama, nikamtajia idadi ya mbuzi wake.

Mkono haukuja. Nilipoinua macho, Koko alikuwa ametema mate ardhini na alikuwa anasema maneno kwa Kimaasai, haraka, akiwatazama mbuzi wanaokwenda. Kisha akaingia ndani ya boma bila kuniangalia.

Siku ya tatu beberu mmoja mwekundu wa Koko alikufa. Siku ya nne wakafa wengine. Juma lilipoisha ngozi zilikuwa zimetandazwa juu ya ua wa miiba, na upepo ulituletea harufu mpaka jikoni. Mama aliposikia nilichofanya, alimkabili baba mbele yetu, mtoto mchanga akiwa mgongoni.

"Ulimtuma mtoto kuhesabu mbuzi ya Mmaasai?"

"Ni dawa, mama. Sayansi."

"Sayansi. Haya niambie, mama yako alizaa watoto wangapi?"

Baba akakohoa kidogo. "Tisa iliyojaa."

"Sema kumi."

Kwa Kikuyu husemwa *kenda muiyuru*, tisa iliyojaa, ili kumi isitamkwe juu ya vichwa vya watoto. Baba aliuangalia mlango, akatoka kwenda kufunga duka ambalo lilikuwa limeshafungwa. Mama alitaka kumwonyesha baba tu kwamba mila ya jirani ya kutohesabu mifugo si ngeni kwetu. Mimi nilisikia jambo tofauti kabisa. Nilisikia kwamba hata baba, mtu wa vipimo, alijua kuhesabu kunaua, na aliogopa.

Basi nikaacha. Unaweza kufikiri ni rahisi kuacha kuhesabu. Jaribu siku moja. Nilikataa kuruka kamba kwa sababu wenzangu waliimba idadi. Nilipoandaa chakula nilisema moyoni, "sahani, na nyingine, na nyingine." Darasani nilirudisha karatasi nyeupe. Mama alipocheza na vidole vya mtoto, kimoja, viwili, vitatu, nilitoka mbio nje na kuziba masikio. Na njia yangu ndefu kutoka shuleni niliiacha, kwa sababu nilijua Koko hatanigusa kichwa tena, na nilijua ni haki yake.

Ilikuwa hivyo mpaka Naisula aliporudi nyumbani. Naisula alikuwa binti wa mwisho wa Koko, akisomea ualimu wa hesabu, na alikuja kutoka chuoni kumsaidia mama yake kuzika mizoga. Alikuja dukani kutafuta chokaa ya kumwaga kwenye shimo. Alikuwa na viatu vya raba vilivyojaa vumbi na sauti ya polepole, kana kwamba kila neno alikuwa analishika kwanza kabla ya kukupa.

"Huyu alikuwa bingwa," baba alimwambia akinionyesha. "Sasa hata vidonge hataki kunihesabia. Shule wananiita. Sijui nimfanye nini."

Naisula akachuchumaa tukawa sawa kwa urefu. "Kwani hesabu imekukosea nini?"

Sikuweza kumwambia binti wa Koko nilichofanya. Nilisema, "Inaua."

Hakucheka. Hilo silisahau. "Inaua nini?"

"Vitu vinavyopumua."

Akafikiri. "Sawa. Na namba ambayo haihesabu kitu, je? Haina miguu, haina mama, haipumui. Namba tu, imekaa."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nambari inaweza kukaa peke yake. Kwangu nambari ilikuwa kama kamba: lazima iwe imefungwa kwenye kitu. Naisula akachukua ubao wa boksi la dawa, akaupindua upande usio na maandishi, na akaandika kwa kalamu ya baba:

720720

"Isome."

"Laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini," nikasema, nikasubiri kitu kife. Nje punda alilia, na hakuna kilichokufa.

"Ukitaka kuifikia kwa kuhesabu moja moja, kila sekunde moja, bila kula na bila kulala, utaifikia siku ya tisa. Kwa hivyo usiihesabu. Iangalie tu. Fikiria ni mwenye boma anayegawa chakula. Wakija wageni wawili, anawagawia sawasawa na hakibaki kitu. Wakija watatu, vile vile. Nataka ujaribu wageni wanne, watano, uendelee hivyo, halafu uniambie ni nani wa kwanza atakayenyimwa."

Akaniachia ubao, akaenda na chokaa yake.

Nataka niende polepole hapa, kwa sababu najua baadhi yenu hesabu ilishawatisha zamani. Hakuna cha kuogopa, ni kugawanya tu. Kwa mbili nilipata 360360. Kwa tatu, 240240. Kwa nne, 180180. Kwa tano, 144144. Kwa sita, 120120. Niliandika pembeni mwa boksi kwa tarakimu ndogo, na kila mara baki ilikuwa sifuri. Mwanzoni sikushangaa, maana nambari ikiishia na sifuri huwa mpole kwa wengi. Nilingojea saba. Saba ni mgeni msumbufu. Shuleni saba ilikuwa ndiyo inayokuachia baki kila mara, kama mtu anayekula na kuacha mifupa mezani. Niligawanya kwa saba. Ikaja 102960, bila baki.

Nikaendelea. Nane ikakubali, tisa ikakubali, kumi bila shaka. Kumi na moja ikakubali! Kumi na mbili. Kufikia kumi na tatu nilikuwa nimelala kwa tumbo sakafuni nyuma ya kaunta, na baba alikuwa akiniruka kwenda na kurudi bila kuniuliza. Nakumbuka hatua zake zote. Sabini na mbili ndani yake kumi na tatu mara tano, inabaki saba. Shusha sifuri: sabini, mara tano, inabaki tano. Shusha saba: hamsini na saba, mara nne, inabaki tano. Nikajua sasa ndiyo mwisho, sasa atanyimwa. Shusha mbili: hamsini na mbili. Na hamsini na mbili, wapendwa, ni kumi na tatu mara nne kamili, hata punje haizidi. Nikainua kichwa kutoka sakafuni nikaangalia rafu za chupa kana kwamba zilikuwa zimeona.

Kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita zikapita. Wa kwanza kunyimwa alikuwa kumi na saba, ambaye aliachiwa baki ya tano. Nilimwonea huruma kweli.

Naisula alirudi kesho yake. Nilimpa ubao bila salamu.

"Umefika mpaka kumi na saba," alisema taratibu. "Na umeona nini kingine?"

"Majibu ni mapacha." Nilimwonyesha. 360 na 360. 240 na 240. 144 na 144. Hata 90090, ukiiwekea sifuri mbele, ni 090 na 090. "Lakini saba imeharibu mapacha. Na kumi na moja, na kumi na tatu, na kumi na nne. Hizo nne zinagawanya vizuri lakini mapacha wanapotea. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea."

Naisula akakaa chini kabisa, juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, na uso wake ukabadilika. Nimekuwa mtu mzima sasa na najua ule ulikuwa uso gani. Ni uso wa mtu aliyekuja kufundisha akakuta amepata mwenzake.

"Zidisha saba kwa kumi na moja," alisema.

"Sabini na saba."

"Zidisha kwa kumi na tatu."

Nikaandika. Ikatoka elfu moja na moja.

"Sasa tazama namba yako. Mia saba na ishirini elfu, na mia saba na ishirini tena. Ni mia saba na ishirini ngapi?"

Ilinichukua muda, na hakunisaidia. Elfu moja za hiyo, na moja zaidi. Elfu moja na moja. Ndiyo iliyofanya mapacha! Ukiandika nambari yoyote ya tarakimu tatu mara mbili, 385385 au 912912, umeizidisha kwa elfu moja na moja bila kujua, na ndani ya elfu moja na moja saba, kumi na moja na kumi na tatu wamejificha. Ukigawanya kwa mmoja wao unavunja kile kinachofanya mapacha, kwa hiyo mapacha wanakwenda. Kumi na nne naye amembeba saba ndani yake. Wageni wengine wote wanakula kutoka mia saba na ishirini tu, na mapacha wanabaki salama.

Nililitazama lile boksi la dawa ya minyoo, lenye doa la mafuta pembeni. Nikamwuliza, "Nani aliitengeneza hivi?"

"Hakuna mtu."

"Ilianza lini?"

"Haikuanza. Kabla Kitengela haijawa na nyumba ilikuwa hivyo. Kabla ya mbuzi ya kwanza. Na hakuna namba ndogo kuliko hii inayoweza kutosha wote mpaka kumi na sita. Unaweza kutafuta mpaka uzeeke."

"Na kumi na saba?"

"Zidisha kwa kumi na saba, naye atatoshwa. Akija mwingine wa kunyimwa, zidisha tena. Kila mgeni unayemtaja, iko namba itakayomtosha. Lakini namba ya kutosha wageni wote, wote kabisa, sijawahi kuiona."

Hapo ndipo nilipolia. Naisula alidhani ni uchovu. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kikubwa na kisafi namna ile, na mimi niliyekiona nilikuwa muuaji. Nikamwambia yote: kokoto mfukoni, kichwa nilichoinamisha, mate ya mama yake ardhini.

Aliniambia kwamba ulikuwa ugonjwa wa mapafu, kwamba mbuzi walikufa pia kwenye maboma ambayo hakuna aliyehesabu. Nilimjibu kwa akili zangu za wakati ule kwamba huenda nambari ilitembea ikafika huko. Akanitazama kidogo, akaniambia, "Basi hii siiwezi mimi. Twende."

Koko alikuwa akiziba pengo la ua kwa miiba mipya. Nilisimama mbali, ubao wa boksi nimeukumbatia.

"Koko, mimi ndiye niliua mbuzi yako."

"Wewe?" Hakuacha kazi. "Uliua na nini?"

"Na namba."

"Hata kuku ya mama yako inakushinda kukamata, mimi nakuonanga." Akasukuma mwiba mahali pake. "Nakerai, mtoto wangu, njoo hapa karibu. Hiyo siku nilikuja kwa duka ya baba yako, nilikuja kufanya nini? Kunywa chai?"

"Kununua dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kukohoa."

"Na ulikuwa umehesabu?"

Nilikuwepo dukani siku ile. Nilimsikia akikohoa kama mbuzi na nikacheka. Kikohozi kilikuja kwanza, kisha dawa, kisha baba akanituma, kisha nikahesabu. Nilikuwa nimelijua hilo muda wote, kama unavyojua jina la jirani, na bado katika hofu yangu nilikuwa nimeligeuza, nikaweka kuhesabu mbele na ugonjwa nyuma. Wengi wetu hubeba hatia namna hiyo mpaka uzeeni. Tungepanga tu matukio kwa zamu yake, mzigo ungetua.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa bado."

"Eh."

"Basi mbona hukunigusa kichwa?"

Koko akaacha miiba. "Nilikasirika! Si ulikuja kwa boma yangu kama askari? Ungeniuliza, ningekuonyesha moja moja, ningekuambia hii ni nani na inapenda nini. Na hiyo namba usirudie kusema."

"Kwa sababu inaua?"

"Kwa sababu nimekataa."

Kisha akaweka kiganja utosini mwangu, kikiwa na mikwaruzo ya miiba. Nilikuwa hata sijamsalimu.

Nikamwonyesha ubao. Naisula alimweleza kwa Kimaasai, wageni mpaka kumi na sita, na yule wa kumi na saba, na ile nambari ya kuwatosha wote ambayo haijaonekana. Koko alisikiliza vizuri sana. Kisha akatazama mahali walipokuwa wakilala mbuzi waliokufa, pakiwa peupe sasa kwa chokaa.

"Iko moja," alisema. "Boma tupu. Hiyo inagawanyia kila mtu sawasawa, na hakuna kitu inabaki."

"Sifuri," Naisula aliniambia, kwa sauti ndogo. Nikaona kwamba ni kweli, kwamba sifuri haimbagui mgeni yeyote. Mbuzi waliobaki walikuwa wachache mno kuliko asubuhi ile ya kokoto, na wawili kati yao walikuwa wanakohoa.

Juma lile lile daktari wa mifugo alikuja kutoka Kajiado na sanduku la barafu lenye chanjo. Alikuwa kijana mwenye haraka, na fomu.

"Mama, mbuzi ni ngapi?"

"Ziko."

"Bila idadi siwezi kuandika. Bila kuandika siwezi kufungua chupa. Niko na maboma mengine mbele, wananingoja."

"Enda basi," Koko akasema. "Barabara ni hiyo."

Naisula alimsihi mama yake kwa Kimaasai, Koko akatikisa kichwa. Daktari akaanza kufunga sanduku. Nilimtazama mbuzi mmoja mweupe akinyoosha shingo kukohoa, na nikajua kama hakuna atakayesema kitu, boma lile litakuwa nambari ile inayomtosha kila mtu.

"Daktari," nikasema, "chupa moja ina dozi ngapi?"

"Hamsini. Kwa nini?"

"Hesabu dawa. Kila sindano ni moja. Mwisho utajua umetumia ngapi, uandike hiyo."

"Fomu inasema idadi ya mbuzi."

"Ni idadi ile ile," Naisula alisema haraka. "Ila hakuna mbuzi amehesabiwa."

Koko alinigeukia, macho yamefinywa. "Nani atahesabu?"

"Mimi, Koko. Nitaangalia sindano peke yake. Dawa haipumui."

Daktari akatazama saa, akafungua sanduku tena. Kisha Koko akaondoa tawi la mwiba langoni.

Ilichukua mchana kutwa. Naisula alishika mbuzi, daktari alichoma, na mimi nilisimama na ubao wangu, nikichora mstari kila sindano ilipomalizika, macho yangu kwenye chuma kile kidogo tu. Na kila mbuzi alipoachiliwa, Koko alisema ni nani: huyu ni binti wa yule mwenye pembe moja, huyu alizaliwa siku ya mvua ya mawe, huyu ni mwizi wa mahindi. Mistari yangu na majina yake vilikwenda pamoja, kimoja kwa kimoja, bila kukosana hata mara moja. Na mimi nilikuwa nahesabu tena. Nilikuwa nahesabu, na walikuwa wanatoka langoni wakiruka.

Daktari aliandika idadi kwenye fomu yake, akaenda. Mimi idadi ile ninayo mpaka leo. Sitaiandika hapa, maana Koko alikataa, na ingawa ameshatutoka sioni kwamba kufa kwake kumenipa ruhusa. Lakini tabia ya nambari unaweza kuisema bila kuitaja. Nilikaa kwenye jiwe nikaijaribu pembeni mwa ubao, kama nilivyofanya na ile kubwa. Kwa mbili ilibaki moja. Kwa tatu ikabakisha. Kwa tano ikabakisha, na kwa saba. Nilikwenda mbele mpaka nikawa sina tena wa kumjaribu. Ile kubwa ilikuwa haimnyimi mtu mpaka kumi na sita. Hii ndogo haikukubali kukatwa popote. Ama wakae wote pamoja, ama kila mmoja asimame peke yake. Sikuwa nimewahi kukutana na nambari kaidi namna hiyo, na nilishindwa kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyonishangaza zaidi.

Nilimwendea Koko, aliyekuwa akiwarudisha ndani.

"Koko, sitataja namba. Lakini nimejaribu kila njia. Hawa waliobaki, hakuna mtu anaweza kuwagawanya mafungu sawasawa."

Koko aliwatazama mbuzi wake, uso mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.

"Basi wasigawanywe," alisema, akavuta tawi la mwiba akafunga lango.